Mteja akisema "wewe niambie tu nifanye nini": dakika hamsini za tiba ya mazungumzo zinajazwa na nini?

mwanagenzi_ksm:

Habari zenu wadau. Mwezi ujao naanza mafunzo ya vitendo katika kituo cha afya hapa Kisumu, upande wa ushauri nasaha. Nadharia tumeimeza ya kutosha, Rogers na Beck, wale waasisi wa tiba ya mazungumzo, nawajua, lakini darasani hakuna aliyetuonyesha kikao chenyewe kinavyokwenda. Naomba wazoefu mnijibu kwa undani. "Msikilize mteja kwa makini" nishaisikia, tafadhali msinirudishie hiyo.

Kikao cha kwanza kinapangwaje? Mteja aking'ang'ania nimwambie la kufanya, nifanyeje, maana huku kwetu mtu akipeleka shida kwa mkubwa hutarajia kurudi na jibu. Akinyamaza je? Niandike mbele yake au nisubiri atoke? Na kwa nini wengi hawaonekani tena baada ya kikao cha kwanza au cha pili?

Mshauri_Milimani:

Karibu. Nitajibu hilo la kikao cha kwanza, mengine wenzangu watayachukua.

Anza na chumba. Viti viwili vya urefu sawa, vigeuzwe kidogo ili mteja asilazimike kukutazama usoni muda wote; kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa hatafunguka akikabiliwa ana kwa ana. Kiti chake kiwe karibu na mlango. Saa ya ukutani iwe nyuma yake, uione bila kuinua mkono. Kisha fanya jaribio ambalo karibu hakuna anayelifanya: toka nje, funga mlango, mwombe mwenzako aongee ndani kwa sauti ya kawaida. Ukiyasikia maneno ukiwa kwenye benchi la kusubiria, usiri utakaouahidi ni wa uongo. Vituo vingi vina kuta za mbao zisizofika darini. Redio ikicheza kwenye korido husaidia kuliko pazia.

Dakika tano za mwanzo ni za makubaliano. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Tunayozungumza hapa hayatoki, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini, au ya mtu mwingine, au mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeniamuru. Nina msimamizi ninayejadili naye kazi yangu, lakini jina lako simtajii." Yaseme kabla hajaanza kusimulia. Ukisubiri mpaka ataje mtoto anayepigwa, ataona ulimtega. Mwombe ayarudie kama alivyoyaelewa, kwa kuwa wengi huitikia tu kwa heshima. Na kwa sababu Kisumu watu hukutana, muulize: tukipishana Kibuye sokoni, ungependa nikusalimie au nikupite?

Kisha swali moja pana: "Nini kimekuleta leo?" Mwache aongee dakika kumi na tano hadi ishirini bila kumkatiza kwa maswali ya fomu. Akipumzika, uliza kwa nini sasa na si miezi mitatu iliyopita. Jibu la hapo ndilo linalofungua mengi, kwa sababu shida huwa ya zamani lakini kilichomsukuma kuja ni kipya: barua ya shule, maneno ya shemeji, usiku mmoja uliomtisha. Uliza ameshakwenda wapi. Hospitali, kanisa, mganga, wazee wa ukoo? Usikunje uso kwa jibu lolote. Unataka kujua kilichomsaidia hata kidogo, na kilichomwachia aibu.

Wengi watakuja na mwili kwanza: kichwa, kifua kubana, tumbo, joto linalotembea mgongoni. Usirukie kusema ni mawazo. Hakikisha amepimwa. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, efavirenz ikiwemo, huweza kuleta uchovu, usingizi mbovu au huzuni, na mazungumzo hayatatibu hayo.

Kwenye dakika ya thelathini hivi ndipo naweka dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima dalili za sonona, yaani huzuni inayogeuka ugonjwa. Msomee kwa sauti hata kama anajua kusoma. Kila swali linahusu wiki mbili zilizopita na lina majibu manne, sifuri hadi tatu, jumla ya juu ni 27. Kumi na kuendelea ni ishara ya kuchunguza zaidi, si hukumu kwamba ana sonona. Limewahi kupimwa uthabiti wake huku magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, matokeo yakachapishwa 2009, kwa hiyo si kitu kigeni kabisa kwa wateja wetu. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Akijibu chochote zaidi ya sifuri, jumla haina maana tena kwa wakati huo. Weka karatasi kando mzungumzie hilo.

Dakika kumi za mwisho usizile. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mshauri na mteja katika tiba una sehemu tatu: lengo, kazi itakayofanywa, na uhusiano wenyewe. Wanafunzi hujenga uhusiano wakasahau hizo mbili. Mteja akisema "nataka amani", muulize: ukiwa na amani, Jumamosi asubuhi utakuwa unafanya nini usichofanya sasa? Hapo atakwambia "nitarudi kwenye chama", au "nitakula mezani na watoto". Hilo ni lengo. Kisha mweleze mtafanya nini, vikao vingapi, kila baada ya siku ngapi, na mtapima maendeleo lini.

Mwalimu_wa_Lanet:

Hapo kwa ushauri nina maneno, maana ndipo wanafunzi wengi huharibu, tena kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kutoa jibu. Mama anasema mumewe hampi pesa ya matumizi, nawe unamwambia afungue kibanda. Hujui kama kilichowahi kufunguliwa kilivunjwa na huyo huyo mume. Likifeli, ni lako, na hatakuja kukwambia, atanyamaza nyumbani. Likifaulu, atarudi na swali lingine, akiwa hajajifunza kulishughulikia mwenyewe.

Njia ya pili ni ile ya vitabuni: "Wewe mwenyewe unaonaje?" Mteja amepanda matatu mbili kutoka Njoro, amekaa foleni, halafu unamrudishia swali lake. Anaona unamficha jibu au hulijui. Ukilirudia mara ya tatu, umemkosesha heshima.

Fanya hivi. Kwanza kubali ombi waziwazi: "Naona unataka njia ya kutoka, na una haki ya kuitaka." Kisha eleza mgawanyo wa kazi: yeye anawajua watu wake na gharama ya kila hatua, wewe unajua namna ya kulichambua tatizo mpaka lishikike. Halafu uanze kulichambua palepale, asikungoje wiki ijayo. Programu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+, ambayo ni vikao vitano vya dakika tisini na imejaribiwa Nairobi, ina utaratibu mzuri wa jambo hili. Mnataja matatizo yote, mnayatenga yanayoweza kubadilika na yasiyoweza. Mnachagua moja, dogo kuliko analotaka yeye. Mnalieleza kwa umahususi. Mnataja njia zote zinazowezekana, hata za kipuuzi, bila kuzipima bado. Hapa ndipo unamuuliza rafiki yake angefanya nini, au marehemu nyanya yake angesema nini. Baada ya hapo ndipo mnapima faida na hatari, anachagua, mnapanga siku, saa, na kitakachoweza kuzuia.

Tuseme ni mjane anayeshinikizwa na wakwe kuhusu shamba. "Zungumza nao" si mpango. Mpango ni: Alhamisi jioni atampigia shemeji mkubwa, yule anayemsikiliza, na atamwomba jambo moja tu, kikao kisubiri mwanawe afunge shule. Kabla hajatoka mnalifanyia mazoezi, wewe ukiwa shemeji, na usiwe shemeji mpole.

Taarifa ni kitu kingine kabisa, usiinyime kwa kuogopa kwamba unashauri. Mjane huyo aelezwe kwamba kuna Sheria ya Urithi, na wapi apate msaada wa kisheria. Aliyebakwa aambiwe papo hapo kwamba dawa za PEP, za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, huanzishwa ndani ya saa 72 na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Huo si wakati wa kuuliza "unajisikiaje". Na hatari ikiwepo, mshauri anaelekeza. Kutoegemea upande mbele ya panga ni uzembe.

Jambo moja la kwenu Nyanza: mteja akisema shida imetokana na chira, yaani laana ya kuvunja mila, au mwiko uliovunjwa kwenye mazishi, usibishane naye wala usijifanye unaamini. Muulize inamaanisha nini kwake, nani mwingine nyumbani anaiona hivyo, na kipi kingelazimika kufanyika ili moyo wake utulie. Mara nyingi chini yake mnapata hatia kwa marehemu au ugomvi na ndugu, na hivyo vyote viwili vinatibika kwa mazungumzo.

Mzee_wa_Chwele:

Napingana kidogo na Mshauri_Milimani kuhusu dodoso katika kikao cha kwanza. Kwa mtu aliyetoka kuongea dakika ishirini huku akilia, maswali tisa yenye namba humrudisha kwenye dirisha la usajili. Hatari uliza siku hiyo hiyo kwa mdomo, bila kukwepa: "Kuna wakati unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandii mtu wazo. Dodoso liweke mwanzoni mwa kikao cha pili, kisha kila wiki mbili, naye aone namba zikipanda au kushuka.

Kunyamaza. Kuna kimya cha anayetafuta neno, macho yanatembea, mdomo unaanza halafu unasita, hicho kiache. Vuta pumzi tano sita polepole kabla hujasema lolote. Kuna kimya cha aliyekasirishwa na ulichosema, mwili umegeukia mlango, hicho kitaje: "Nadhani nimesema jambo lililokukwaza." Na kuna cha tatu ambacho usikiache hata kidogo: macho yameganda, pumzi ni fupi, ukimwita anachelewa kukusikia. Huyo amerudi kwenye tukio. Acha simulizi mara moja. Mwambie akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, akwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Endeleeni na mambo ya leo mpaka pumzi irudi. Usimguse bila kumwomba ruhusa.

Kuandika: maneno machache tu mbele yake, na umwambie unaandika nini na kwa nini. Ukiwa umeinamia karatasi anapotaja kifo cha mwanawe, umemwacha peke yake. Andika kamili ndani ya dakika kumi baada ya kutoka kwake: alichosema kwa maneno yake, ulichokiona, ulichofanya, hatari ipo au haipo, mmepanga nini. Mawazo yako kuhusu tabia ya mkwe wake hayaingii kwenye faili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo faili ikae kabatini chini ya kufuli, na usimtumie msimamizi majina kwa WhatsApp.

Na lugha: akihitaji mkalimani wa Dholuo au Lubukusu, asiwe ndugu yake wala mtoto wake. Mkalimani akae pembeni nyuma kidogo, atafsiri kila sentensi kama ilivyosemwa, naye aape usiri kama wewe.

mwanagenzi_ksm:

Asanteni sana. Mzee wa Chwele, hilo la kimya cha tatu nitalibandika ukutani. Mawili bado: swali la kujiua likijibiwa "ndiyo", kinachofuata ni kipi? Na hii kazi ya nyumbani ya tiba ya fikra na tabia, mtu anaandika wapi fikra zake akiwa anaishi chumba kimoja Nyalenda na mume anapekua kila kitu?

Mshauri_Milimani:

Akisema ndiyo, punguza kasi. Uliza ni mara ngapi, ana njia gani akilini, anayo nyumbani, ameshapanga siku, alishawahi kujaribu, ni nini kimemzuia hadi leo. Ana mpango na njia iko mkononi? Haondoki peke yake. Unamwita msimamizi au daktari wa zamu, anakabidhiwa kwa mtu na si kwa karatasi ya rufaa.

Hatari ikiwa ndogo kuliko hiyo, mnaandika pamoja mpango wa usalama, ule wa hatua sita wa watafiti Stanley na Brown: dalili zinazomwonya kwamba wimbi linakuja, mambo anayoweza kufanya peke yake, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo, watu wa kuwaomba msaada, wahudumu na simu zao, na kuyafanya mazingira kuwa salama. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huandikwa haraka haraka, na ndiyo yenye uzito zaidi huku mashambani, kwa kuwa dawa za wadudu hukaa chini ya kitanda. Tajeni ni nani atakayezichukua, zitahifadhiwa kwa nani, leo jioni au kesho. Pata ruhusa umpigie huyo mtu akiwa hapo hapo. Usimwandikishe mkataba wa "sitajiua", haujathibitika kumlinda mtu, humfundisha tu kukuficha.

Wengi huogopa kukubali kwa sababu ya polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakinzana na Katiba. Mwambie hivyo.

Mwalimu_wa_Lanet:

Kazi ya nyumbani: karatasi ya fikra si lazima itoke kituoni. Daftari libaki kwako, aende na swali moja tu kichwani.

Mfano, mama anauza samaki Dunga, wateja wawili wamepita bila kununua, akafunga meza mapema. Kikaoni mnajaza: tukio (wateja wamepita), fikra ("wananisema, wameniacha"), hisia na ukali wake. Asiyezoea asilimia mpe punje kumi za maharagwe, aweke mezani ngapi zinalingana na huzuni yake. Kisha ushahidi unaounga fikra hiyo na unaoikana. Labda siku hiyo omena ilikuwa tele kila meza. Halafu fikra iliyopimwa pande zote, na punje zinahesabiwa upya. Zikishuka kutoka nane hadi sita, mmefanya kazi, usitafute sifuri. Zisiposhuka kabisa, kwa kawaida mmekamata fikra ya juujuu. Muulize: "Na kama ni kweli wamekuacha, ingemaanisha nini kukuhusu?" Hapo hutoka ile yenyewe, "mimi si mtu wa maana tangu nifiwe".

Usibishane na fikra ya kweli. Kama kweli kodi imekwama na mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli, hapo hakuna fikra ya kusahihisha, rudi kwenye kuchambua tatizo.

Kwa mtu aliyezama sana, achana na fikra kwanza, anza na vitendo. "Nitajikaza" haihesabiki. "Jumanne saa moja asubuhi nitafagia uwanja, kisha niende kwa dada yangu dakika kumi" inahesabika. Kikao kinachofuata, swali la kwanza liwe hilo. Usipouliza, umemfundisha kwamba haikuwa muhimu. Asipofanya, usimkaripie; tafuteni kilichozuia, na mara nyingi kazi ilikuwa kubwa mno.

Mzee_wa_Chwele:

Kuhusu wanaopotea. Sababu ya nauli kila mtu anaijua: panga siku isiyo ya soko wala ya kibarua, na muulize nauli kabla ya kupanga kila wiki. Ile isiyotajwa ni aibu ya aliyesema mengi mno. Mtu amekutolea siri ya miaka ishirini kwa saa moja, akifika nyumbani anahisi amejivua nguo. Ukiona mafuriko yanakuja kikao cha kwanza, yapunguze: "Hilo ni zito, nataka tulipe nafasi yake. Leo nipe kichwa chake tu." Na mwishoni uliza: "Kuna jambo umesema leo ambalo ukifika nyumbani utajutia?" Akilitaja, mmeshalipunguza nguvu.

Nyingine ni kwamba alikwazwa akaona ni utovu wa adabu kukwambia. Kila kikao kiishe kwa kuuliza kipi hakikumfaa leo, na uliza kwa namna inayomruhusu kulalamika: "Watu wengi hupata angalau kimoja."

Siku ya kwanza kubalianeni namba ya simu, nani mwingine huipokea, na utasema wewe ni nani. Asipotokea, ujumbe mmoja siku hiyo hiyo, usiotaja kituo wala shida: "Habari, tulikuwa tukutane leo. Nafasi yako ipo Alhamisi saa nne." Wa pili baada ya wiki. Hakuna wa tatu, isipokuwa kulikuwa na hatari. Hapo unafuata mlichokubaliana kwenye mpango wa usalama.

Tena mwambie mwisho uko wapi. Katika utafiti wa Kisumu uliochapishwa 2021, wahudumu wasio wataalamu wa afya ya akili walitoa tiba ya mahusiano (inayoshughulikia uhusiano wa mtu na watu wake) kwa wanawake wenye virusi vya ukimwi waliopitia ukatili, vikao kumi na viwili vya kila wiki, sonona na kiwewe vikapungua. Kwetu Bungoma watoto yatima nao walihudumiwa kwa vikundi na washauri wa kijamii waliofunzwa, matokeo yakatoka 2020. Wote walifanya kazi kwa idadi inayojulikana na chini ya msimamizi wa karibu. Kwa hiyo kabla hujaripoti mwezi ujao, uliza msimamizi wako ni nani, mtakutana siku gani, na saa tisa usiku ya shida utampigia nani. Wakikujibu "tutaona", usipokee mteja bado.

mwanagenzi_ksm:

Nimewapigia asubuhi hii. Siku ya kukutana na msimamizi ipo, Ijumaa. Wa saa tisa usiku hawajamtaja.

Mzee_wa_Chwele:

Basi rudi kwao, wakuandikie jina na namba.